Mtama Tulioung'oa

Harufu ya tope linalokauka juani bado hunikasirisha. Mvua kubwa ikinyesha hapa Kisumu, maji yakapungua, nikinusa yale majani yaliyooza na samaki waliokwama mitaroni, nakuwa tena mtoto kijijini kwetu Nyakach na nataka kutema mate. Msinione mkorofi. Sikilizeni kwanza.

Nilikuwa na miaka tisa, siku zile za mwanzo za Uhuru, mafuriko yalipobeba mahindi yetu pamoja na ghala lenyewe. Baba alikuwa ameshafariki. Mama hakungoja mtu. Maji yalipoondoka tu, udongo ukingali kama uji, alitutoa mimi na dada, tukatoboa matundu kwa vijiti na kutia mbegu za mtama alizoazima kwa bibi. Baada ya wiki tano mtama ulinifika magotini, na mama akaanza tena kuimba akiosha vibuyu.

"Huu ukikomaa," alisema, "hatutaomba mtu."

Ndipo akaja naibu wa chifu, mtu wa kofia kubwa na kazi ndogo. Ati serikali itawalipa fidia wakulima walioharibiwa mazao, na bwana mkubwa wa kilimo atapita Ijumaa kukagua.

"Lakini Min Akinyi," akamwambia mama, akimwita kwa Kijaluo mama wa Akinyi, akitazama shamba letu kana kwamba amefumania wizi, "huyu bwana akiona mtama umesimama hivi, ataandika hukupata hasara. Ng'oa."

"Ning'oe chakula?"

"Pesa itawatosha mpaka msimu ujao. Shauri yako, mama."

Jirani yetu Odera, ambaye sikuwahi kumwona na jembe ila akiliegemea, hakuwa na cha kung'oa. Shamba lake lilikuwa magugu na vyura, kwa hiyo lilifaa sana!

Siku mbili mama alizungukazunguka shamba akiushikashika mtama. Tulikuwa tukila mara moja kwa siku, na mtama ulikuwa bado miezi miwili uive. Alfajiri ya Ijumaa akatuamsha. "Haya, wanangu. Ng'oeni." Mizizi ilitoka na udongo wake, mstari kwa mstari. Mimi mjinga niliona ni mchezo. Nilishindana na dada, nikamshinda, nikashangilia.

Bwana mkubwa alifika saa nane na viatu vinavyong'aa, na haki ya Mungu aliondoka navyo viking'aa vilevile, maana hakushuka garini. Naibu alimsomea majina dirishani, yeye akatia alama kwenye karatasi, basi, wakaenda. Shamba letu lilikuwa nyuma ya ua wa minyaa. Hata shingo hakuipinda, mvivu yule!

Miezi miwili baadaye pesa zililipwa sokoni Pap Onditi. Odera alipata sawasawa na sisi. Zetu zilinunua madebe mawili ya mahindi, yakaisha kabla ya mwezi, na huko kwa bibi watu walikuwa wakivuna mtama.

Siku ile ya malipo, tukirudi nyumbani, nilimwambia mama tuishukuru serikali kwa kutukumbuka. Alinizaba kofi, la kwanza na la mwisho maishani mwake, kisha akaendelea kutembea.

Kwa miaka nilimwekea kinyongo. Nilipokuwa na shamba langu na watoto wangu wa kulisha ndipo nilipoelewa. Mama alikubali kufanywa mjinga mara moja tu, kwa ajili ya matumbo yetu, na mimi nikataka awashukuru waliomfanya hivyo.