Theluji ya Nusu Ukucha

Juzi pale Kimandolu nilimsikia bwana mmoja akiwaonyesha wenzake picha mbili za kilele cha Kibo kwenye simu, akiapa kwamba theluji ya mwaka huu haifikii ya mwaka jana. Picha moja alikuwa ameivuta karibu, nyingine hakuivuta. Mpuuzi wa aina hiyo nilishakuwa naye kwenye ukoo.

Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, alikuja kwetu Moshono kila masika yalipoisha, koti lake likinuka dawa ya mende. Alisimama dirishani, akafumba jicho moja, akaipima theluji ya Kibo kwa ukucha wa kidole gumba.

"Mwaka jana ilijaa ukucha," alisema alasiri moja. "Leo ni nusu. Mlima umewakasirikia wanaobaki mjini Krismasi wasirudi kwao."

Aliyebaki mjini Krismasi iliyopita alikuwa mama, kwa sababu mimi nilikuwa nimelazwa hospitali. Nilimwamini baba mkubwa kabisa. Nilimtazama mama akichuja chai ya tangawizi, nikajiuliza aliwezaje kuiyeyusha theluji akiwa mbali vile.

Mama hakugeuka. "Shemeji, mwaka jana ulinyoosha mkono. Leo umeukunja."

Sasa najua kwamba ukucha ukisogezwa karibu na jicho unaweza kuficha mlima mzima. Nadhani na yeye alijua, maana mkono hakuunyoosha. Aliuingiza mfukoni, akauliza kama chai iko tayari.

Mama alimmiminia nusu kikombe.