Shangazi na Chupa ya Tano

Maziwa yaliungua mpaka sufuria ikawa nyeusi tii, na Shangazi yuko hatua mbili tu kutoka kwenye jiko, anapiga pasi sketi ya kazini, hana habari.

"Dada! Wee dada!" Mdogo wake alitoka bafuni mbio, povu la sabuni bado masikioni. "Nyumba nzima inanuka, wewe umesimama tu kama mlingoti?"

"Nilikuwa nawaza."

"Unawaza nini wewe? Wiki iliyopita gesi, leo maziwa. Siku moja utatuchoma hapa, halafu uende mbinguni useme ulikuwa unawaza."

Shangazi akakwangua sufuria. Angemwambia nini? Toka ile homa ya miezi mitatu iliyopita pua yake ilikuwa imekufa. Haikuziba wala haikuuma. Imekufa tu. Moshi, sabuni, jasho la watu kwenye foleni, vyote kwake vilikuwa sawa na maji ya bomba. Mtu mwingine angesema afadhali, kapumzika. Ila Shangazi alikuwa anakula kwa pua.

Alifanya kazi kwenye kampuni iliyoagiza mvinyo kutoka Ulaya na kuusambaza mahotelini. Pale kila mtu alimwita Shangazi, kuanzia mlinzi wa getini mpaka bosi mwenyewe, ambaye alimzidi umri. Aliingia akiwa mfagiaji. Siku moja, miaka kumi na tisa nyuma, alikuwa anakusanya glasi za wageni, mmoja akamuuliza kwa mzaha, haya mama, hii nayo ya wapi? Akanusa mabaki, akataja. Wakacheka. Wakamletea nyingine, akataja. Ya tano hakuna aliyekuwa anacheka tena. Ufagio akapewa mwingine, yeye akapewa chaki.

Chaki ndiyo ilikuwa mamlaka yake. Chupa haimiminwi kwa mgeni mpaka Shangazi ameionja na kuipiga mstari mweupe ubavuni. Kisa ni kizibo. Kizibo kikiwa na ukungu, mvinyo unaharibika ndani kwa ndani. Rangi haibadiliki na hakuna atakayeumwa tumbo, ila umeshakufa. Macho hayawezi kukwambia hilo, na ulimi peke yake unadanganyika. Ni pua tu.

Kwa miezi mitatu pua hiyo ilikuwa ya Kipara, mtunza ghala. Yeye ndiye aliyefungua chupa, akanusa upesiupesi, na chupa mbovu akaigeuza lebo itazame ukutani. Shangazi akija, anajua ipi asiipige chaki.

"Shangazi, hii itatuua," Kipara alimwambia asubuhi ile ghalani. "Leo anakuja yule mama anayenunulia hoteli sita. Mwambie bosi unaumwa."

"Nikishasema naumwa?"

"Si utaenda hospitali?"

"Nimeshaenda. Daktari kasema inaweza kurudi, inaweza isirudi. Nikamwambie bosi hivyo? Mpishi wako hana ulimi, lakini mwache aendelee kupika?"

"Wakikushika je?"

"Wewe geuza lebo, Kipara. Hicho kichwa chako kinang'aa bure, hakitumiki."

Kipara akacheka, lakini kwa meno tu.

Saa nne mnunuzi akafika, mama mwenye miwani ya kamba na sauti ya upole. Mezani kulikuwa na chupa nne zimevishwa soksi za kitambaa ili lebo zisionekane. Hilo lilikuwa onyesho la Shangazi, alilifanya kila mwaka. Bosi akasugua mikono.

"Leo nafungua mwenyewe. Kipara, wewe simama pale mlangoni na trei."

Shangazi akasogea mezani peke yake. Akashika glasi ya kwanza, akaiinua dirishani. Nyepesi, kidole kinaonekana upande wa pili. Burgundy, mvinyo wa Ufaransa. Ya pili ilikuwa na uchachu uliomkaba pembeni mwa ulimi. Chianti ya Italia, haiwezi kuwa nyingine. Ya tatu ilikuwa laini, na ukingoni rangi imeanza kugeuka tofali kwa kukaa sana kwenye pipa. Rioja. Ya nne ilikuwa nzito kama wino, ikamwachia ukakasi mpaka kwenye fizi. Bordeaux.

Kila moja aliisemea na harufu yake: cheri, ngozi ya kiatu kipya, udongo uliolowa, vanila. Alizitaja kwa kukumbuka tu, kama mtu anayeeleza sura ya marehemu.

Soksi zikavuliwa. Zote nne sawa. Mnunuzi akapiga makofi.

"Huyu mnampa nini huyu?" akamwambia bosi. "Huu wa mwisho ndio wangu. Niongezee."

Chupa ilikuwa imebaki na machicha. Bosi akafungua nyingine ya Bordeaux uleule, akamsogezea Shangazi kidogo kwenye glasi. "Ipige chaki tumalize."

Akaonja. Ukakasi uleule. Rangi ileile. Labda imepooza kidogo, labda ni ulimi umechoka. Akatupa jicho mlangoni. Kipara alikuwa mbali, trei mikononi, harufu haimfikii. Angeweza kusema subirini, Kipara anuse. Maneno matatu tu. Na baada ya hapo nani tena angemhitaji?

Akapiga chaki. Tena, kwa vile makofi yalikuwa bado yanamlia masikioni, akaongeza, "Huu umeushinda ule ulioisha. Harufu imefunguka vizuri sana."

Mnunuzi akainua glasi. Ikaishia puani. Akaishusha taratibu, kama mtu aliyeona nywele kwenye chakula cha mwenyeji.

Bosi akanusa. Alimshika Shangazi kiwiko, akamtoa koridoni, njiani akiacha ile glasi kwenye trei ya Kipara, naye Kipara akafuata nyuma. Nyuma ya mgongo wa Shangazi, bosi akashusha rafuni dawa ya kusafishia vyoo, akafungua kifuniko.

"Fumba macho. Nini hiki?"

Gizani hapakuwa na chochote. Shangazi akavuta pumzi ndefu. "Ni... Rioja."

Kipara akatazama sakafu.

"Tangu lini?" Bosi hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Toka ile homa."

"Na chupa zote hizi alikuwa ananusa nani?"

Shangazi akatazama chaki mkononi mwake.

"Mimi, bosi," Kipara akasema.

Bosi akaifunika ile dawa. Akanyoosha mkono, Shangazi akamwekea chaki kiganjani, na ile chaki ikaenda moja kwa moja kwa Kipara. "Ingia, umalize na mgeni. Shangazi, wewe nenda nyumbani. Tutaitana." Akarudi ndani.

"Shangazi, haki ya Mungu mimi sikutaka..."

"Ulikuwa unanukaje?"

"Nini?"

"Ule mvinyo. Lazima umenusa wakati tunatoka."

"Kama maboksi yaliyolowa yakafungiwa stoo."

Shangazi akatikisa kichwa polepole. "Mpe mgeni maji kwanza asukutue. Halafu usimwage maneno mengi, hapendi."

Kipara akaingia. Nyuma ya mlango mnunuzi akauliza kitu, na Kipara, ambaye hakuwahi kuongea mbele ya mgeni, akaanza kueleza, mwanzoni kwa kigugumizi, halafu vizuri.