Matunda Mekundu ya Kivai

Maua ya kivai yananukia kuliko marashi ya dukani, na hilo ndilo linaloniudhi. Kule kwetu Kalama harufu ile iliteremka kilimani hadi jikoni kwa Mama. Babu zetu walichemsha mti huo kupata sumu ya mishale, lakini matunda yake yakiiva kabisa, yakawa meusi na laini, watoto tuliyala. Mekundu hayakuguswa. Mtoto wa Kikamba aliyajua hayo kabla hajajua kusoma, isipokuwa Kioko, ndugu yangu, ambaye alikuwa bado mdogo mno.

Kiangazi kimoja, Kioko alimshtaki Mutua, mtoto wa baba mkubwa, kwa kuiba sukari, naye Mutua akachapwa. Kesho yake, Mama akiwa mtoni anachimba maji mchangani, Mutua alimpa Kioko matunda mekundu kiganja kizima. "Kula, haya ndiyo matamu," alimwambia, nami nikifika mbio na kuni kichwani. Kioko alitapika, akalegea, mikono ikawa baridi. Hospitalini daktari alisema sumu ile huushika moyo wenyewe: chumvi ya potasiamu ilikuwa imepanda katika damu yake na mapigo yalikuwa yakipotea njiani. Nilimwekea mkono kifuani. Moyo ulipiga, ukanyamaza, ukapiga tena, na kabla jua halijatua ukanyamaza moja kwa moja.

Mutua alisema Kioko aliyachuma mwenyewe kwa njaa. Niliposema nilichokiona, baba mkubwa alinikemea kwamba mtoto hatoi ushahidi kwa wazee. Basi lawama ikamwangukia Mama. Kanisani, sokoni, kila mahali alikuwa mama aliyeacha mtoto ale sumu. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Ya Mutua ilimfikisha kwenye uzee wa kanisa na tumbo kubwa.

Siku hizi watoto wa Kalama hula biskuti, na wengi hawaujui mti huo hata wakiegemea shina lake. Mwaka huu Mutua alipokaribia kupokea wakwe wa binti yake, nilimpigia simu nikamtaka kwanza aje amwambie Mama ukweli. Alicheka. "Dada Mwende, si tulikuwa watoto? Hiyo mambo tuache. Mimi niko na wageni."

Siku ya wakwe nikaenda na Mama. Wakwe walipokwisha kula na wazee wakauliza kama kuna mwenye neno, nilisimama. "Kioko hakuchuma matunda yale," nikasema. "Mutua alimlisha, akijua." Mama, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akipita mbele za watu akitazama chini, aliinua uso akamkazia Mutua macho mpaka yeye akainamisha yake. Ukoo unasema niliharibu sherehe. Niliiharibu kwa makusudi, na usingizi wangu ni mtamu.