Kidole Kilichokuwa Mguu wa Charo

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa Jumamosi alasiri, katika baraza ya hoteli moja pale Malindi, miaka ya themanini. Sipendi kuisimulia, kwa sababu kila nikiisimulia hulala vibaya. Lakini umeniuliza namna ya kupiga solo kwa gitaa la besi, nami siwezi kukujibu bila kumtaja Charo.

Charo alikuwa mpiga ngoma wetu, kijana wa kijiji cha Ganda, mcheshi, rika langu. Kiongozi wa bendi alikuwa Mzee Kombe, mpiga gitaa la rithimu, mtu wa maneno machache. Mimi nilishika besi. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini masikio Mungu alinijalia. Nilikuwa nimepata kanda ya muziki iliyoachwa na mgeni mmoja wa hoteli. Ndani yake mtu anaupiga uzi mnene kwa kidole gumba hadi uvume kama ngoma, kisha anaudonyoa uzi mwembamba kwa kidole cha shahada, unalia kama kioo. Nilijifunza hayo mwaka mzima. Nyuzi zilipokufa sauti kwa chumvi ya hewa yetu, nilizichemsha katika sufuria ya wali ya mama, naye akautangazia mtaa kuwa mwanawe siku hizi anapika mchuzi wa vyuma.

Mwaka huohuo mguu wa kulia wa Charo ulianza kufa ganzi. Hospitali walisema ni mishipa, wakampa vidonge. Sasa mpiga ngoma asiye na mguu wa kulia hana ngoma kubwa, ile ipigwayo kwa pedali, na ngoma kubwa ndiyo inayowaambia wachezaji wapi pa kukanyaga. Meneja wa hoteli alikwishasema hataki mgonjwa jukwaani. Tukafanya siri, bendi nzima. Kila mguu wa Charo uliposhindwa, mimi nilizifunika nyuzi kwa vidole vya mkono wa kushoto zisitoe noti, nikaupiga ule mnene kwa gumba: du, du. Aliyeketi mezani hakuweza kutofautisha. Mikono ilikuwa yake, mguu nikawa mimi. Jifya moja haliinjiki chungu.

Ndipo tukapata habari kwamba kiongozi wa bendi kubwa ya Mombasa angekuja kutusikiliza, anatafuta mpiga besi. Hiyo ndiyo bahati niliyokuwa nikiiomba. Asubuhi ya Jumamosi hiyo, kwenye mazoezi, nikaipiga solo niliyoitunga, yote: gumba, kudonyoa, na zile noti za kengele zinazotoka ukiugusa uzi bila kuukandamiza. Nilipomaliza, Charo akapiga makofi.

"Huyu Mombasa watammeza na mifupa yake," akasema.

"Usimsifu," akasema Mzee Kombe. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Kisha akanigeukia. "Vizuri. Ukipaa wewe, chini anabaki nani?"

Nikaanza kukaza uzi ambao haukuhitaji kukazwa.

"Nakuuliza, bwana mdogo. Kidole hicho siku hizi ni mguu wa mtu. Utakwenda nacho matembezi, mwenye mguu umwache kakaa?"

"Mwache apige, mzee," Charo akasema. "Leo mguu mzima." Alisema akiutazama mguu wenyewe, kama mtu anayebembeleza mtoto.

"Sitamzuia mbele za watu. Nafasi yake nitampa. Ataamua mwenyewe."

Nilimchukia, mwanangu. Nilijiambia mzee huyu ana wivu, vidole vyake vimezeeka.

Alasiri mgeni wa Mombasa akaketi meza ya mbele, soda mkononi. Wimbo ulipofika mahali pangu, Mzee Kombe akanipa ishara ya kichwa, kama alivyoahidi. Nikasikiliza kwanza. Ngoma kubwa haikuwapo. Charo alikuwa ameinama, jasho linamtiririka, mikono inakwenda, mguu umelala juu ya pedali kama si wake. Hakunitazama hata mara moja. Ningelipaa, kila mtu angelisikia lile shimo. Nikazifunika nyuzi. Du, du. Nafasi yangu ikapita.

Tulipomaliza, mgeni akaja, akanipita, akamshika Charo mkono.

"Kijana, una mguu mzito. Nilikuja kutafuta besi, nimepata ngoma. Utakuja Mombasa?"

Charo akatazama chini. "Ahsante, mzee. Nina mama yangu Ganda, siwezi kumwacha."

Mgeni alipokwenda zake, Charo akaniambia, "Watu wamekuja kuposa mguu, na mwenye mguu ni wewe. Ningepokea mahari ungenifanyaje?" Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akanishika bega, akaniegemea hadi tukashuka jukwaani.

Tulimzika kabla ya masika ya mwaka uliofuata. Mguu wa kulia ulifuatwa na wa kushoto, kisha kiuno, kisha pumzi. Bendi ikavunjika. Hakuja mtu mwingine kutafuta mpiga besi. Husemwa wema hauozi. Huenda. Mimi sikuona ulipochipua. Hata leo ile solo huipiga kichwani, na najua ilikuwa nzuri. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Basi jibu langu ni hili, mwanangu. Jifunze yote: gumba, kudonyoa, noti za kengele. Usidhani sauti nzuri inatoka kwenye amplifaya. Inatoka kwenye mkono unaojua kuukata uzi sauti, kwa maana noti isiyokatwa hula chakula cha noti nyingine. Fanya mazoezi ya kunyamaza kama unavyofanya ya kupiga. Na kabla ya kupaa, sikiliza kama kuna mtu anayekuegemea. Akiwapo, baki. Sikuahidi malipo, maana mimi sikulipwa. Ila siku utakayosimama kaburini kwake, mama yake akikutazama, hutainamisha uso. Mimi sikuinamisha.

Mwenyezi Mungu akutangulizie masikio kabla ya vidole, akuwekee wenzio wazima miaka mingi, na zamu yako ya kupaa ikifika, ikukute huna wa kumwangusha. Amina.