Vipande Kumi na Vinane vyenye Jina Langu

Hadi leo nikiona rangi nyekundu ya kuzuia kutu uso wangu unapata moto, na mke wangu, ambaye anajua sababu, anageukia sufuria zake ili nisimwone akicheka. Basi afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kutoka kwake, maana yeye hutia chumvi, na mkasa huu hauhitaji.

Ilikuwa miaka ya Zaire, tulipoitana citoyen, yaani raia, na kuvaa abakosti, lile koti la kiserikali lisilo na tai, na huko Kinshasa walikuwa wanaandika mkakati wa taifa wa kuzuia meli zisichafue maji. Mjumbe wao alikuja Bukavu kwa siku tatu kutusikiliza, na mimi, karani wa ofisi ya usafiri wa ziwani, nikawa mwandishi wa kamati na mkalimani wake, kwa kuwa Kiswahili hakukijua. Alikuwa mtu mpole, ila kichwani mwake mlikuwa na bahari na bandari ya Matadi tu. Ziwa letu, alisema, litapata mistari miwili katika mkakati, kwa sababu mafuta machafu yakimwagwa bandarini yanabaki bandarini, ziwa si mto, halina pa kuyapeleka. Mimi nimezaliwa hapa, nilijua yanatembea mpaka pale akina mama wanapochota maji, nikataka ziwa lipewe sura nzima, na nilikuwa na siku moja ya kuthibitisha.

Nikaenda Nyantende kwa wakwe zangu, nikaomba shina la mgomba uliokwisha kuzaa, nikalikata vipande kumi na vinane (vinaelea vizuri kuliko mbao), nikavipeleka bandarini vipakwe rangi nyekundu ili vionekane kwa mbali. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu, kila kipande nilikipa namba, nikakifungia kikaratasi ndani ya plastiki: anayekiokota akirudishe kwa citoyen Mugisho, mwandishi wa kamati. Mzee aliyevipaka rangi alinitazama nikivibeba kwenda majini.

“Papa Mugisho, hii rangi haiyakauka.”

“Itakauka mu maji,” nikamjibu.

(Nina diploma ya serikali, na nilisema hivyo.)

Upepo ulivichukua vyote, vikazunguka meli na kutoweka machoni pangu kama kundi la bata wekundu, nami nikarudi ofisini nikipiga miluzi. Nisichokijua ni kwamba mjumbe wetu alikuja na abakosti mbili tu, na ile nzuri, ya rangi ya maziwa, ya kuvaa kesho yake kwenye kikao cha kufunga mbele ya wakubwa wa mkoa, ilikuwa ziwani chini ya mtaa wa Nyalukemba, pale pale akina mama wanapochota maji, mikononi mwa maman Nsimire, mfuaji wa nyumba ya wageni.

Saa tisa tuko mkutanini, mjumbe anarudia habari ya mistari yake miwili, mlango ukafunguliwa, akaingia maman Nsimire na beseni kichwani. Hakusalimu. Akaliweka mezani juu ya karatasi zetu, akatoa kipande cha kwanza, cha pili, mpaka cha kumi na moja, kisha akaikunjua abakosti ikidondosha maji, na mgongoni imepakwa michirizi myekundu kama pundamilia aliyekosewa.

“Mugisho njo nani?”

Nikasema ni mimi, maman.

“Niko naosha, naona bitu byekundu binakuya, nikafikiri ni damu. Nikabisukuma, bikarudia, bikaingia mu manguo. Mutu muzima, na kalamu mu mufuko, anacheza mu maji sawa mutoto.”

Mjumbe akanigeukia, akasubiri Kifaransa chake. Nikamwambia kwamba mama huyu anasema kumetokea hitilafu ndogo. Mkurugenzi wangu akakohoa: “Citoyen, tafsiri yote.” Nikatafsiri yote, na mjumbe akatazama mfuko wangu wa kifuani, ambamo kalamu zilikuwa mbili.

“Batanifukuza mu kazi,” maman akaendelea, na sasa sauti ilishuka. “Beko banasema ni mimi nimeharibu. Useme mbele yabo.”

Nikasema, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kwamba maman Nsimire hana kosa lolote, aliyeharibu ni mimi, niliyevitupa vipande vile bandarini asubuhi. Mjumbe hakuuliza juu ya nguo. Aliuliza maman alikuwa anafulia wapi, na vipande vilifika saa ngapi. Chini ya Nyalukemba, maman akajibu, kabla ya chakula cha mchana. Akaenda dirishani, akatazama bandari, akatazama Nyalukemba, akarudi akaketi.

“Andika,” akaniambia. “Uchafuzi wa kwanza uliothibitishwa na kamati umefanywa na mwandishi wa kamati. Mama huyu abaki kazini kwake. Na ziwa lipewe sura.”

Hata mkurugenzi alicheka. Niliandika yote matatu kwa mpangilio huo.

Adhabu nilijipa mwenyewe: nikaomba kuisafisha ile abakosti, nyuma ya nyumba ya wageni, kwa mafuta ya taa, ambayo sisi tunayaita petroli, maman Nsimire amekaa kwenye kibao akinisimamia. Michirizi ilipotoka (siyo yote, na kesho yake mjumbe alifunga kikao hivyo hivyo, ameegemea kiti), nikainua ndoo ya petroli nyekundu nikaanza kuteremka kuelekea ziwani, jamani, kwa mazoea tu.

“Papa Mugisho,” akaniita polepole. “Unaenda kuyamwaga wapi?”

Nikasimama. Katika rasimu ya sura niliyokuwa nayo tayari nilikuwa nimeandika kurasa nne juu ya yale ambayo wenye meli wamekatazwa kumwaga, lakini sikuandika hata neno moja juu ya mahali pa kuyapeleka. Nikaibeba ndoo ile kwa miguu mpaka nyumbani, kila jirani akiuliza ni nini, nami nikijibu ni kazi ya serikali. Usiku huo sura ya ziwa ikapata kifungu kipya: kila bandari iwe na pipa la kupokea uchafu.

Ndoo ilikaa nyuma ya jiko letu mwaka na miezi, mke wangu akaizoea, mpaka pipa lilipowekwa bandarini, nami nikawa wa kwanza kulimwagia. Tangu siku hiyo sijatupa kitu ziwani, na kama siku moja shetani atanishawishi nitupe, sitakifungia jina langu.