Kipumulio cha Mwenzako

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, ukungu wa Meru umeshuka mpaka kwenye migomba, nami nimekaa ukingoni mwa bwawa la shamba la maua kule Usa River, nakaza kipumulio kipya kwenye vifaa vyangu kwa furaha ya mtu aliyevaa viatu vya sikukuu. Furaha hiyo ndiyo ninayotaka kukusimulia, mwanangu. Umeniuliza kama ubadili regulata yako ya kuzamia au uendelee na ya zamani, na swali hilo siwezi kulijibu kwa neno moja.

Mimi sikusoma sana. Niliacha shule darasa la tano nikaanza kuzunguka. Nilikuwa utingo wa lori, nikachimba madini Mirerani msimu mmoja, nikateremka hadi bandarini Tanga, ambako niliwakuta wazamiaji wakisugua matumbo ya meli. Nilibaki nao kwa sababu moja tu: nilitaka kujua mtu anavutaje hewa chini ya maji asife. Wakanifundisha. Miguu iliponiwasha tena nikapanda Arusha, na huku nikakuta kwamba bahari hakuna lakini kazi ipo. Mashamba ya maua yana mabwawa, mabwawa yana mabomba ya kufyonza maji, na chujio la bomba likizibwa na tope na majani, lazima mtu ashuke akalisafishe.

Regulata wewe unaijua, lakini niieleze kwa ajili ya wengine watakaosoma. Ni kifaa kinachofungwa kichwani mwa mtungi wa hewa, kikakupa pumzi kwa kipimo kila unapovuta. Kutoka hapo inatoka mipira miwili. Mmoja unaishia kwenye kipumulio unachouma mdomoni. Mwingine, wa njano, unaishia kwenye kipumulio cha akiba, kinachoning'inia kifuani. Hicho cha akiba unakibeba wewe, lakini si chako. Ni cha mwenzako, siku hewa yake itakapomwishia.

Kipumulio changu cha mdomoni kilikuwa kimezeeka. Kila kitu nilichokuwa nacho nilikifungua kwa bisibisi, hata saa, kwa hiyo ugonjwa wake niliujua: kiraba kidogo cha kutolea pumzi kilikuwa kimejikunja ukingoni, na ukiinamisha kichwa kulia, maji yanaingia. Nilikipeleka kwa fundi wa majiko ya mafuta Ngarenaro. Akakigeuza, akakinusa, akasema, "Mjomba, hii raba ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikikukatia ya tairi utalinywa bwawa lote. Tafuta yenyewe."

Sikuitafuta. Nilijifunza kuinamisha kichwa kushoto, basi. Niliishi na kile kipumulio kama watu wanavyoishi na mlango ambao lazima uunyanyue kidogo ndipo ufunge. Wenye nyumba hawauoni ubovu wake. Mgeni ndiye anayehangaika nao.

Kisha mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuwa akiishi Sekei akamaliza mkataba wake, akawa anagawa na kuuza vitu vyake. Miongoni mwa vitu hivyo kulikuwa na kipumulio kipya, bado kimo kwenye mfuko wake. Nikampa baiskeli yangu, akanipa kile. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi usiku ule nilikiweka karibu na mto wa kulalia.

Sasa cha zamani nikifanyeje? Kukitupa niliona ni kufuru. Nikafanya jambo ambalo wazamiaji wengi hulifanya bila kufikiri: kipya nikakifunga kwenye mpira wangu, cha zamani nikakihamishia kwenye mpira wa njano.

Niliyekuwa nikizamia naye aliitwa Anaeli, Mmeru wa Poli, kijana wa rika langu, mpole, mwenye mzaha usioisha. Asubuhi ile ya ukungu alikishika kipumulio kwenye mpira wa njano, akakitazama.

"Hiki si ndicho kile kinachokunywesha maji?"

"Kinavuja kidogo tu. Na wewe hukihitaji, mtungi wako umejaa."

"Haya. Nikikihitaji nitashuka na kikombe."

Tukacheka wote wawili, tukashuka.

Bwawa la shambani si bahari, mwanangu. Ukigusa tope, unaona giza mpaka puani. Siku hiyo chujio lilikuwa limesokotwa na kamba ya plastiki, na Anaeli ndiye aliyekuwa akiikata. Mtu anayefanya kazi ngumu chini ya maji anakula hewa kama moto unavyokula majani makavu. Mimi nilikuwa nimeshikilia bomba tu. Ghafla nikahisi mkono wake kifuani pangu, unapapasa, unavuta. Nikajua hewa yake imekwisha. Akauvuta mpira wa njano, akauma kipumulio, akavuta pumzi kwa nguvu zote za mtu aliyebanwa. Hakuwa na habari ya kulia wala kushoto. Alivuta maji.

Alikitema. Akaninyang'anya nilichokuwa nacho mdomoni, nami sikumzuia. Na hapa pana neno ambalo kwa miaka mingi sikumwambia mtu. Nilikiokota kile cha zamani, nikainamisha kichwa kushoto, nikapumua vizuri kabisa. Kwangu kilifanya kazi. Tulipanda pamoja, mimi mzima, yeye amelegea, na watu wa shamba wakatuvuta ukingoni. Alikohoa maji ya rangi ya kahawa. Akalazwa wiki tatu kwa ajili ya mapafu.

Alipotoka hospitali nilikwenda kwao Poli. Wenyeji walikuwa wamenieleza kwamba mtu akikosa, huchukua jani la sale, ule mmea unaopandwa mipakani mwa mashamba, akalipeleka kwa aliyemkosea, na aliyepelekewa hawezi kukataa kusamehe. Nikachuma majani mawili. Nilidhani nimepata njia ya mkato.

Mama yake Anaeli alikuwa uani anaanika kahawa. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akapangusa mikono, akayapokea majani. Kisha akaniketisha kwenye kigoda.

"Nieleze ilivyokuwa. Nieleze kama unamweleza mtu ambaye maji ya kisigino yanamtisha, kwa sababu ndivyo nilivyo."

Nikamweleza, mtungi, mipira, kipya, cha zamani. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Hicho cha zamani, mdomoni mwako ulikitoa kwa nini?"

"Kilikuwa kinaingiza maji, mama."

"Na mwanangu alipobanwa ukampa hicho."

"Sikumpa mimi. Alikishika mwenyewe."

"Alikishika pale ulipokitundika."

Kuku alikuwa anaparua kando ya kahawa, mama akamfukuza kwa mguu, akarudi kwangu. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Majani yako nimeyapokea na moyo wangu ni mweupe. Lakini ukitoka hapa utoke na hili. Aliyeshiba anaweza kula kiporo. Mwenye njaa anapikiwa. Wewe ulikuwa na pumzi na chombo kipya. Asiyekuwa na pumzi ukamwekea kiporo."

Hajawahi kuingia majini yule mama, wala hakujua regulata inafungwaje, lakini aliona kile ambacho mimi na bisibisi yangu hatukukiona. Ndipo nilipoelewa maana ya ile methali, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Anaeli alipona, lakini kifua chake hakikurudi kilivyokuwa. Kwaya ya usharika wao ilimtegemea kwa sauti ya chini kabisa, ile inayotetemesha benchi. Baada ya bwawa hakuweza tena kushika ubeti hadi mwisho. Bado alihudhuria mazoezi. Alikaa nyuma akiwapangia wenzake daftari za nyimbo. Hakunilaumu hata siku moja, na afadhali angenilaumu.

Sasa swali lako. Wazee walionya, usiache mbachao kwa msala upitao, na ni kweli: kama regulata yako ni nzima na unataka mpya kwa sababu inang'aa, badili raba zake, isafishe tope, endelea nayo. Chombo unachokijua kina thamani yake. Lakini jihadhari na kukijua kupita kiasi. Kama kuna namna ya kuinamisha kichwa ambayo wewe tu unaifahamu, chombo hicho ni kibovu, hata kama kwako kinafanya kazi. Kibadili, usisubiri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta mwingine haujengeki.

Na siku utakapopata kipya, kifunge kwenye mpira wa njano. Kizuri kuliko vyote ulivyonavyo kikae pale mkono wa mtu mwenye hofu utakapofika kwanza. Cha zamani kikae mdomoni mwako. Ukiona unaogopa kukaa nacho, basi umeshapata jibu lake: hakimfai mtu yeyote, kivunje kwa nyundo mbele ya macho yako, usikiuze wala usimpe mtu bure. Hivyo ndivyo nilivyokifanya changu, nikiwa nimechelewa. Na si majini tu, mwanangu. Kitanda cha mgeni, tairi la akiba, hata neno unalomwekea aliyefiwa, angalia ni kiporo au umempikia.

Nenda kazini kwa amani. Mungu akujalie pumzi ndefu, amjalie mwenzako asiwahi kuihitaji ya kwako, na siku akiihitaji, aikute nzima.