Umuriro Upi? Safari ya Kigali kwa Sababu ya Geji

Niliondoka Kahama kwa sababu mdogo wangu Deo alikuwa karibu kunyang'anywa usukani. Alikuwa amepeleka mchele Kigali kwa lori la Mzee Masanja, na alipokaribia kufika, mshale wa geji ya joto ukapanda mpaka kwenye nyekundu. Fundi wa huko alitazama, Deo akampigia bosi: "Fundi anasema gari lina moto." Kwa bosi maana yake ilikuwa moja tu: dereva amechemsha injini. Akaamuru injini ifunguliwe, na dereva mwingine, Hamisi, aende kulichukua gari. Mama akanigeukia: "Wewe si fundi umeme wa magari? Nenda kamwangalie mdogo wako." Nikamwambia injini si kazi yangu. "Nimesema nenda!" Haya, nikaenda.

Alfajiri nilipanda basi. Ushirombo, Runzewe, Nyakanazi, njia nzima nilikuwa namsema Deo kimoyomoyo. Mtu gani anaona mshale umepanda, badala ya kunipigia mimi anampigia bosi? Kijana wa watu, lakini kichwa chake anakijua Mungu.

Mchana, Rusumo. Nilivuka daraja kwa miguu nikapanda basi jingine. Ng'ambo magari yanapita kulia, na saa inarudi nyuma, kwa hiyo nilipewa saa moja ya bure na sikuwa na pa kuitumia. Tulipofika usawa wa Ndera giza lilikuwa linaingia, dereva akawasha taa. Deo aliniambia kwenye simu kwamba mshale ulipandia hapohapo, saa kama hizo. Nikachungulia nje nitafute mlima wa kuua injini. Vilima vilikuwepo, lakini vya kawaida, kama vile tulivyokwisha kuvipanda tangu mpakani.

Kicukiro, jioni. Deo alinipokea akiwa amekonda, hata masihara niliyomwandalia nikayameza. Alikuwa amepanga chumba kwa Hajati Zaina, fundi cherehani, mama wa Kinyarwanda ambaye babu yake alitoka pwani na biashara zake, kwa hiyo Kiswahili chake kilinituliza. Tuliketi uani, chai ikiwa jikoni.

"Dada, maji ya rejeta hayakupungua hata kidogo," Deo alisema.

"Na fundi alisema nini hasa? Neno kwa neno."

"Alisema umuriro. Umuriro si moto?"

Sisi ni Wahangaza wa Ngara, na lugha yetu na Kinyarwanda ni ndugu. "Ni moto," nikamjibu. Nikaona kweli mdogo wangu amekwisha.

Mara taa ya uani ikazimika. "Eh, umuriro wagiye," akasema Hajati.

Nilitazama jiko. Makaa yalikuwa mekundu vilevile. "Haujaenda, Hajati. Huu hapa."

Hajati alicheka mpaka akajishika mbavu. "Wa taa, mwanangu! Hapa Kigali umeme nao tunauita umuriro."

Mimi na Deo tukatazamana. Yeye ndiye aliyeanza kushika kichwa.

Asubuhi mapema tulikuwa gereji. Fundi mwenyewe, Innocent, alikwisha kupanga spana zake kando ya lori. "Ngoja!" nilipiga kelele kabla hata ya salamu. Nikamuuliza siku ile alisema umuriro upi.

"Wa taa, dada. Mimi nirimwambia iko probremu ya umuriro. Yeye anasema bosi anataka tufungure moteri. Nikasema sawa, gari si yangu."

Injini ilikuwa imelala usiku kucha, baridi. Nilifungua swichi bila kuwasha injini: mshale chini kabisa. Nikawasha taa kubwa: mshale ukapanda mpaka kwenye nyekundu. Nikazima, ukashuka. Deo alikaa chini kwenye vumbi. "Mungu wangu," akasema.

Geji ile haikuja na gari, ilifungwa baadaye. Aliyeifunga aliuchukua waya wake wa athi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye bodi, akaubana pamoja na wa taa chini ya boliti moja iliyopakwa rangi. Rangi inazuia umeme. Taa zikiwaka, umeme wao unakosa njia ya kurudi, unaisumbua geji. Joto halihusiki kabisa.

Sikugusa kitu kwanza. Nilimpigia bosi simu ya video, nikamwonyesha.

"Washa tena," alisema. Nikawasha. "Zima." Nikazima. Akauliza kwa ukali: "Sasa ni nani aliyeniambia lina moto? Huyo fundi?"

Innocent alikuwa amesimama palepale, na Kiswahili cha kujitetea mbele ya Mzee Masanja hakuwa nacho. Deo akasimama, akaichukua simu mkononi mwangu.

"Ni mimi, bosi. Yeye alisema umeme. Mimi nikatafsiri moto."

"Mjinga wewe," bosi alisema. "Lete gari. Hamisi nitamrudisha."

Nikakwangua rangi, nikaipa geji waya na boliti yake, tukaagana. Nilimpenda Deo siku ile kuliko nilivyowahi kumwambia.

Rusumo, upande wetu, tulimkuta Hamisi ameketi juu ya begi lake. Simu ya bosi ilimkuta mpakani. Kahama nzima inajua kwamba hajapata gari tangu mwaka jana.

"Panda, kaka, twende nyumbani," Deo alimwambia.

Akapanda, akaliweka begi miguuni. "Kwa hiyo gari ni zima?"

"Zima."

"Alhamdulillahi," alisema, akageukia dirishani.

Watu wananiuliza nilijifunza nini Kigali. Nawaambia: ukisikia neno unalolijua, uliza tena. Wanacheka, nami nacheka. Lakini ndani ya kibanda kile cha lori, kuanzia Rusumo, nilikuwa nalitazama begi la Hamisi.

Lusahunga Deo aliegesha, akasema mgongo unamuuma. Mgongo wa Deo haujawahi kuuma. "Hamisi, nisaidie hadi Nyakanazi." Hamisi alikaa kwenye usukani, akasogeza kiti, akarekebisha vioo vyote taratibu.

Tulipofika Nyakanazi, Deo hakuuomba usukani, wala mimi sikumkumbusha.